Nani Atatutoa Topeni

Merle Colburn alikuwa amepiga nyundo mpaka bega limeanza kulalamika, na miguu miwili ya bango haikuwa imeingia hata urefu wa kidole. Ardhi ya pale njia panda ni mawe matupu yaliyojifunika nyasi. Akaling'oa bango, akasogea kidogo kuelekea sanduku la barua la Bi Beverly Tatro, akaanza upya. Bango lilikuwa la buluu, na herufi zake nyeupe zilisomeka hata na mtu anayepita mbio: ORRIN COLBURN, BUNGE LA JIMBO. Orrin alikuwa kaka yake. Magoti ya Orrin hayakuwa magoti ya kupigilia mabango.

Gari likapunguza mwendo, likasimama. Lucinda Fifield, karani wa mji, akashusha kioo. Jana yake ilikuwa siku ya mchujo wa vyama, ambapo kila chama huchaguliwa mgombea wake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kuhesabu kura.

"Merle, unafanya nini hapo?"

"Bango la Orrin. Si ameshinda?"

"Kwa Republican ameshinda, tena vizuri. Sasa niulize nani kashinda kwa Democrat."

"Si hawakuwa na mtu?"

"Hawakuwa na mtu. Karatasi ilikuwa na mstari mtupu, na watu wakaandika jina kwa mkono." Lucinda akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa anafaidi. "Wamekuandika wewe."

Merle akaitazama nyundo kama kwamba ndiyo iliyosema.

"Wangapi?"

"Wa kutosha, na chenji inabaki. Unaweza kukataa, lakini uniambie kabla ya wiki kuisha. Hongera, baba. Unampigilia mpinzani wako bango."

Akaondoka akicheka. Merle akapiga nyundo mara chache za mwisho mpaka bango likasimama wima. Hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

Jambo lenyewe lilikuwa limetokea hivi. Huko Vermont, jimbo la Marekani lenye baridi kali, theluji ikianza kuyeyuka, barabara za udongo hugeuka uji, na barabara ya kuelekea bondeni kwa akina Tatro ndiyo uji mzito kuliko wote. Kila mwaka watu huzama humo, na kila mwaka Merle huja na trekta na mnyororo, huwavuta, na hukataa malipo. Ukimlazimisha anatazama mawingu. Basi siku ya mchujo, mtu mmoja mmoja, akiwa peke yake ndani ya kibanda cha kupigia kura, aliuona ule mstari mtupu akawaza: acha nimwandike Merle, walau iwe asante. Kila mmoja alijidhani yuko peke yake. Na hakuna aliyemwambia mwenzake, maana watu wa huko hawazungumzi habari za shukrani, kama vile wasivyozungumza habari za kuhara.

Jioni, wakati wa kukamua, Orrin alikuwa ameshapata habari. Alikuja zizini akichechemea, akaegemea nguzo. Wawili hao walikuwa wamebaki peke yao katika nyumba waliyozaliwa. Orrin alifiwa na mkewe, Merle hakuwahi kuoa.

"Haya, wamekutania," Orrin akasema. "Kesho mwambie Lucinda unajitoa."

"Mm," akasema Merle, akiifunga mashine kwenye kiwele. Alikuwa amekusudia kufanya hivyo hivyo.

"Na hata usingejitoa, ungeenda kusema nini kule Bungeni? Wewe hata kwenye simu unajibu kwa kutikisa kichwa."

Merle akahamia kwa ng'ombe wa pili. Baadaye akauliza, "Ukishinda, unaondoka lini?"

"Januari. Bunge linakaa mpaka majani yaote. Umeviona viti vyao, Merle? Vina mito! Na joto linatoka sakafuni."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe si unao wewe?"

"Peke yangu?"

"Mdogo wangu, ni miezi michache tu. Ya baridi, sikatai. Lakini ng'ombe wenyewe wanatoa joto."

Merle akasikiliza mashine ikifyonza. Akayaona majira yote ya baridi: giza la alfajiri, ndoo zilizoganda, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba kuna baridi. Aliyafikiri polepole, kama alivyofikiri kila kitu, akafika mwisho wake.

"Sijitoi," akasema.

"Unasemaje?"

"Safari hii niende mimi. Wewe ubaki na hilo joto."

Kampeni ikaanza, na ugumu wa kwanza ulikuwa kwamba walikuwa na gari moja. Basi wakaenda pamoja. Orrin alibisha milango ya kushoto na Merle ya kulia, wakifika mwisho wa barabara wanabadilishana. Orrin alizungumza juu ya kodi mpaka kahawa inapoa. Merle alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Nagombea," kisha akatazama kama mfereji wa paa unahitaji kurekebishwa. Wote wawili waliambiwa maneno yale yale: kura yako ipo, usiwe na wasiwasi, chukua donati.

Chama kilimpelekea Merle mabango ya kijani. Akayapigilia yeye mwenyewe, pamoja na ya buluu, na yote akayanyoosha sawasawa, maana bango lililopinda lilimsumbua bila kujali ni la nani. Kisha msichana wa chama akapiga simu kutoka makao makuu, sauti ikiruka kwa furaha. Viti vya Bunge vinagombewa jimbo zima, akasema, na safari hii kila kiti ni dhahabu.

"Sasa tuambie, Bwana Colburn, uko tayari kupambana?"

Merle akatikisa kichwa kukubali.

"Haloo? Bwana Colburn? Haloo?"

Orrin, aliyekuwa mezani akila mayai, akacheka mpaka akakohoa. Lakini usiku hakulala vizuri, maana kila nyumba aliyoingia alikuta watu wakimsifu Merle. Merle naye, akiwa peke yake zizini, alianza kuuwaza ule mto wa kiti. Akaupa rangi: kijani iliyoiva.

Oktoba ukafanyika mdahalo katika ukumbi wa mji, baada ya chakula cha jioni cha kanisa, kwa hiyo kila mtu alikuwa ameshiba pai ya kuku na hakuna aliyekuwa na haraka. Orrin alizungumza vizuri juu ya shule na juu ya bei ya maziwa. Merle alisema anakubaliana na kaka yake kuhusu maziwa, akaketi, akapigiwa makofi kuliko Orrin.

Ndipo Bi Beverly Tatro akanyanyua fimbo yake. Alikuwa amepita themanini, na aliishi mwisho kabisa wa ile barabara ya bondeni.

"Mimi nina swali dogo. Bunge linakaa mpaka lini?"

"Mpaka Mei, Bi Beverly," Orrin akajibu. "Pengine Juni."

"Kwa hiyo Merle akishinda, Machi na Aprili, tope likiwa limeiva, atakuwa Bungeni huko Montpelier."

"Ndiyo."

"Basi trekta ataendesha nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia Orrin, na ilionekana wazi kabisa kwamba wote walikuwa wakikumbuka siku moja.

Mwaka mmoja, wakati wa tope, Merle aliugua mafua makali, na Royce Patch alikuwa amezama na gari lake mbele ya nyumba ya Bi Beverly. Orrin akaja na trekta. Alifunga mnyororo kwenye bampa, akakanyaga mafuta, na bampa likaja peke yake. Alipogeuza trekta ili arudi kulichukua gari lenyewe, trekta ikazama. Likaja gari la kubeba maziwa kuivuta trekta, nalo likazama. Bi Beverly alikaa ndani na hao wanaume watatu mpaka siku ya pili, na wakamaliza biskuti zake zote.

"Nitawavuta mimi!" Orrin akasema, akisimama kwa hasira. "Nimejifunza! Mkizama niiteni, nitakuja!"

"Bampa langu unalo bado?" Royce Patch akauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka, lakini si kwa muda mrefu. Merle aliketi akizitazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine, na alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Ule mto wa kijani ukaanza kufifia.

Siku ya uchaguzi mkuu, Novemba, ndugu hao walikamua kwanza, wakanawa, wakaenda kupiga kura kwa gari lao moja. Orrin aliingia kibandani akatoka. Merle aliingia, akakaa humo muda mrefu mpaka Lucinda akakohoa, kisha akakaa zaidi.

Orrin akashinda. Hakushinda kidogo, alishinda hadi mwenyewe akaona haya.

Asubuhi iliyofuata Merle alirudi njia panda na koleo, kung'oa mabango. Alikuwa ametupa machache tu garini, ya buluu juu ya ya kijani, Royce Patch aliposimamisha gari.

"Merle. Usinikasirikie, bwana. Kwenye mchujo nilikuandika. Lakini jana... si unaelewa?"

"Naelewa."

"Nilidhani utashinda tu. Nilidhani wengine wote watakupigia."

Gari la pili likasimama nyuma yake. Huyo naye alidhani wengine watampigia. Likaja la tatu. Baada ya muda kulikuwa na foleni pale njia panda, jambo ambalo mji ule haukuwahi kuliona, na kila mtu alishuka akijidhani yeye ndiye msaliti pekee. Walipogundua kwamba wamejaa, wakatazama viatu vyao.

Bi Beverly akashuka na fimbo kutoka gari la mwisho, akapita katikati yao.

"Mimi sina haya," akasema. "Sikukupigia, na nimelala vizuri. Wewe ulijipigia?"

Merle akatazama mawingu.

"Merle, nimekuuliza."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliikumbuka barabara yako."

Merle akalishika bango la mwanzo kabisa, lile la buluu alilolipigilia kati ya mawe, akalivuta. Halikutikisika. Na pengine kwa sababu alikuwa amewapa mgongo, maneno mengine yakamtoka.

"Lakini nitakuwa peke yangu na ng'ombe, Bi Beverly. Baridi yote. Sijui kama nitaweza."

Kwa wengi wao, hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyowahi kuyasikia kutoka kwake. Hakuomba kitu, alisema tu. Bi Beverly akageuka, akaitazama ile foleni kama mwalimu aliyekuta darasa halijafanya kazi.

"Royce! Wewe unaamka saa ngapi?"

"Mimi? Inategemea—"

"Haitegemei. Na wewe, Lucinda, usijifanye unatafuta funguo, nakuona."

Merle hakuziamini sana hizo ahadi za kusaidiwa kukamua. Watu husema mengi wakiwa na haya. Akaendelea kupambana na lile bango mchana wote, akilichimbua pembeni kwa koleo, akilitikisa, akipumzika. Jua lilikuwa linashuka, na ng'ombe wameanza kulia, aliposikia gari likiingia uani kwao, ng'ambo ya barabara.

Royce Patch akashuka. Alikuwa amevaa mabuti mapya, safi kiasi cha kuhuzunisha, na Orrin alikuwa tayari amesimama mbele yake akimweleza mambo ya kukamua kwa mikono yote miwili.

"Merle!" Royce akapaza sauti. "Huyu mheshimiwa anasema nianzie nyuma! Ni kweli?"

"Usiguse kitu!" Merle akapiga kelele. "Nakuja!"

Akalitazama bango. Mguu wake mmoja ulikuwa nje, wa pili bado umebanwa na jiwe, na jina la kaka yake limepinda kuelekea mtaroni. Liliumiza macho. Akaliegemeza koleo juu yake, hadi kesho, akavuka barabara mbio.