Jina Ambalo Elina Hakulitaja

Elina alikuwa amesimama katikati ya darasa la Biblia kanisani, kidole chake kimeganda juu ya mstari, kama mtu aliyekuta daraja limezolewa na maji. Hadi hapo alikuwa amesoma vizuri. Habari za yule mgonjwa wa Bethania na dada zake waliomtumia Bwana ujumbe zilikuwa zimetoka kinywani mwake bila kukwama. Kisha akafika kwenye jina la mgonjwa, akasema, "yule kaka yao."

Mwalimu Amoni alimtaka asome kilichoandikwa. Elina akarudia mstari tangu mwanzo, na alipofika palepale akasema tena, "yule kaka yao."

Amoni hakuwa mtu wa kuvumilia usomaji wa kubahatisha. Yeye mwenyewe alikuwa amesomea madarasa ya usiku, mikono ikinuka majani ya chai aliyoshinda akiyapima, na kila neno alilolijua alikuwa amelitolea jasho. Tangu biashara huria iliporuhusiwa, wazee wenzake hapa Ibighi walikuwa wakikimbizana na malori ya wanunuzi wa ndizi, na vijana walivaa mitumba ya kila rangi. Yeye alibaki na koti lake la zamani, lililopigwa pasi, na Kiswahili chake. Hivyo viwili hakutaka mtu avichezee.

"Dada Elina," alisema, "Neno la Mungu si dimbwi la kurukwa. Jumapili ijayo ukakae na watoto wanaojifunza irabu."

Vijana walicheka. Ambilikile, fundi seremala, akasema labda aazimwe miwani ya mwalimu, wakacheka zaidi. Wanawake watu wazima hawakucheka. Walitazama sakafu, na Amoni akadhani wanamwonea aibu mwenzao. Elina alifunga Biblia ya darasa, akaizungushia kitambaa chake, akaketi.

Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala ile ya baada yake. Kisha mkewe Amoni, Tulia, akaja kutoka kanisani na Biblia ileile ndani ya kitambaa kilekile, akaiweka mezani mbele ya mumewe. Elina ameirudisha, alieleza. Amesema kitabu hiki si cha watu kama yeye.

Amoni akaanza kusema kwamba waumini wapya ndivyo walivyo. Huyu alikulia Matwebe, katika nyumba isiyojua kanisa, amebatizwa Pasaka iliyopita tu. Moto wa mabua huwaka haraka na kuzimika haraka. Tulia alimwacha amalize.

"Baba mkwe wake anaitwa nani?" akamuuliza.

Amoni akaitazama Biblia mezani, na mstari ule ukamrudia.

"Na mimi, Baba Andrea, umewahi kunisikia nikimtaja baba yako?"

Alijaribu kukumbuka. Miaka yote ya ndoa yao, mzee alipokuwa hai na hata baada ya kuzikwa, hakuwahi kulisikia jina lile mdomoni mwa Tulia. Jirani mwenye jina hilohilo Tulia alimwita "yule wa bondeni." Amoni alikuwa ameishi ndani ya heshima hiyo kama mtu anayeishi chini ya paa, bila kuliangalia. Na kumbe wanawake wale, walipotazama sakafu, walikuwa wakimwonea aibu yeye.

"Umesoma sana," Tulia alisema, bila ukali, akaenda kuangalia jiko.

Kesho yake asubuhi Amoni alivaa koti lake, kisha akalivua, akatoka na shati tu, Biblia kwapani. Alipokaribia kwa Elina alimwona akiuacha upesi mzigo wa ndizi na kuingia migombani, kanga kichwani, akainama. Mzee Lazaro, mkwewe, alikuwa akikatiza uwanja kwa mkongojo. Alipopotea nyuma ya nyumba ndipo Elina alipojitokeza, akamkaribisha mgeni kwenye kigoda nje ya jiko.

Maneno mazuri ambayo Amoni alikuwa ameyapanga njiani yalikataa kuja.

"Nilikukosea, mwanangu," alisema. "Na mila naijua. Mimi ni Mnyakyusa kama wewe; mwanamke wetu hamtaji baba mkwe wake wala hakutani naye uso kwa uso."

Elina alipangusa mikono yake, polepole. Akasema hakukasirika. Aliona tu kwamba njia ile inapita mahali ambapo yeye hawezi kupita. "Na kwingineko, mwalimu, hatajwi tena?"

Amoni hakuweza kumdanganya. Alimwambia kuna maskini mmoja pia, aliyelala mlangoni kwa tajiri, mwenye jina hilohilo.

"Basi ningerudishwa kwenye irabu mara ya pili," Elina alisema, na tabasamu lake lilimchoma Amoni kuliko lawama.

Alimsihi asiiache safari mwanzoni. Alisema yeye mwenyewe atalitaja jina kila litakapotokea, na Elina asome yaliyobaki. Akamnyooshea Biblia. Elina aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuipokea, akaketi mkekani, akatafuta mahali alipoachia, akaanza kwa sauti ya chini.

Alipofika kwenye jina alisimama. Ilikuwa zamu ya Amoni. Lakini hapa, katika uwanja wa mwenye jina, mbele ya mke wa mwanawe aliyeinamisha kichwa, neno alilolisoma mara nyingi kwa sauti kubwa kanisani hakuweza kulitamka. Ng'ombe alisikika akitafuna.

"Lazaro," ilisema sauti ya kizee kutoka nyuma ya nyumba, kwa utulivu, kama mtu anayeitikia mlangoni kwake.

Elina hakugeuka. Alivuta kanga yake mbele zaidi, akaendelea kusoma. Kila alipofika pale alinyamaza, na kila aliponyamaza, mzee nyuma ya ukuta alijitaja. Hivyo wakaenda mpaka kwenye machozi ya Bwana, na hapo Amoni akainamisha uso.

Elina alisita. "Mwalimu, niendelee?"

Amoni alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba Elina hamtazami.

"Endelea, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo darasa lake lisingeitambua.