Kasida Aliyoimba Baba Ujerumani

Wallahi nilidhani ni mtu mwengine! CD ilikuja kwa posta kutoka Ujerumani, mwaka 2006, Baba akaificha kabatini chini ya kanzu. Mimi nikaichomoa nikaitia kwenye redio ya gari. Magitaa yanalia kama yana hasira, saksafoni inakimbizana na ngoma, mara katikati kijana anaimba kasida ya maulidi. Sauti ya Baba! Baba yangu, Saeed, anayesalisha msikiti wa mtaani kwetu Mabela!

"Baba, kumbe ulikuwa msanii!"

Akakaa kitandani taratibu. "Nlikuwa nnasoma Cologne, sabini na tatu. Bendi ikiitwa Blechmond. Wakarikodi sahani moja tu ya santuri, wakatawanyika, hata Wajerumani wenyewe hawaijui. Sasa mmoja wao kaitia kwenye CD, kaniletea. Wakanambia imba chochote cha kwenu. Nkaimba kasida aliyonifunza mama. Kumsifu Mtume, mwanangu Taimur, na bia iko mezani, na mimi nshakunywa."

"Si zamani hiyo, Baba?"

"Watu wakijua, ntasimama vipi mbele yao? Usimsikilizishe mtu."

Nikasema inshallah. Lakini ilikuwa tamu mno! Binamu yangu Ghassan, muuza magari mtaa wa Wattaya, nikamwekea kidogo tu, nishaihamishia kwenye simu.

"Yakhe, nani huyu?"

"Bendi ya Kijerumani."

"Muongo we! Mjerumani gani ajue kasida? Hebu nirushie Bluetooth."

Nikamrushia. Jina la Baba sikulitaja.

Siku ya tatu, Magharibi, tumo kwenye sijida, kimya kabisa, simu ya Ghassan ikalia, kumbe kaufanya wimbo ule mlio wake. Gitaa. Ngoma. Kisha ile sauti! Ghassan anajipapasa mfukoni, haipati, na kule mbele sauti ile ile, ya kizee sasa, ikasema "Allahu akbar" huku inatetemeka.

Tulipotoa salamu Ghassan akaruka: "Samahani, Ami Saeed! Nyimbo ya Wajerumani tu."

Mzee Abdulrazak akatania, "Mjerumani huyo kakuibia sauti, Saeed!"

Msikiti mzima ukacheka. Ningekuwa yeye, ningecheka nao, yakaisha. Baba hakucheka.

"Ni mimi," akasema. Akawaeleza yote, mpaka bia.

Wengine wakaanza, "Basi, Saeed, ujana huo..." Hakuwasikiliza. Ilipofika Isha akamvuta Abdulrazak mkono, akamsimamisha pale mbele, yeye akarudi safu ya mwisho, ubavuni kwangu. Hakunitazama. Bega lake likagusa langu, nikafungua mdomo nimwambie anisamehe, lakini Abdulrazak keshaanza kusalisha.