Fundo Lisilo Langu

Kidole changu cha shahada kilikwama kwenye fundo, na papo hapo nikajua kwamba kuna mtu ameingia katika kazi yangu.

Lilikuwa fundo dogo, mgongoni mwa blanketi, kwenye kiraka cha tatu kutoka ukingoni, mahali ambapo hata mwenye macho mazima hana haja ya kupaangalia. Mimi sifungi hivyo. Kwa miaka thelathini na minane nimemaliza uzi kwa kurudisha sindano mara mbili juu ya mshono wenyewe, kisha mkia naupitisha ndani ya tabaka la pamba ukapotelee humo. Ukipapasa mgongo wa blanketi langu la viraka hukuti kitu, ni laini kama shavu. Hili lilikuwa limevimba kama punje ya dengu. Nikaendelea kupapasa. Nikakuta la pili, nikakuta la tatu. Nilipofika la kumi na moja nililiweka blanketi chini, nikakaa, masikio yakinivuma kwa hasira.

Blanketi lenyewe lilikuwa la mkunga. Alikuwa amestaafu, akaniletea mfuko wa sare zake zote tangu ile ya kwanza aliyoivaa akiwa msichana: nyeupe, za buluu, za kijani, na koti moja la rangi ya damu ya mzee, la enzi za mkuu fulani wa hospitali aliyependa makuu. "Nimewafunika watoto wa watu maisha yangu yote," aliniambia. "Sasa nataka kujifunika mimi." Aliahidi kulifuata Ijumaa. Siku nilipoyakuta mafundo ilikuwa Jumanne.

Niseme wazi habari ya macho yangu, maana watu huisema kwa kunong'ona kana kwamba niliyaiba. Yameingia ukungu. Daktari alisema ukungu huo hauondoki, utazidi tu. Naona mwanga wa dirisha, naona kivuli cha mtu mlangoni, natenganisha cheusi na cheupe. Rangi zilizo katikati zimechanganyikana kama nguo zilizolowekwa beseni moja. Siku niliporudi na habari hiyo wanangu walikaa sebuleni wakatoa hukumu: Mama, pumzika. Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo. Anayepumzika ni maiti, na hata yeye kuna mtu lazima amshonee sanda.

Sikupumzika. Nilijifunza kazi yangu upya, kama mtoto. Uzi nikautunga kwa ncha ya ulimi. Miraba nikaikata kwa kufuata kipande cha kadibodi ngumu nilichokichonga mwenyewe. Vitambaa nikavijua kwa tabia zao: pamba hupoa kiganjani, kitani hukwaruza kidogo kisha hulegea, na zile nyuzi za plastiki huteleza na kupata joto upesi kama mtu mwenye hatia. Taabu ilibaki kwenye rangi. Kwa rangi nilimtegemea kitindamimba wangu, binti aliye mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyebaki nami nyumbani. Kila nilipomwonyesha kazi alisema, "Nzuri, Mama. Imependeza." Nami nikamwamini.

Alirudi saa kumi alasiri. Nilimsikia akivua viatu, akibwaga madaftari ya wanafunzi mezani. Sikuitikia salamu yake.

"Njoo hapa," nikasema. "Lete mkono."

Nikamshika kidole, nikakiburuza juu ya fundo.

"Hili la nani?"

Alijaribu kukichomoa kidole, nikakikaza.

"Nimekuuliza. Au siku hizi sindano inatembea yenyewe?"

"Langu, Mama."

"Na haya mengine kumi?"

"Yangu."

Nikayakumbuka mablanketi mawili niliyoyatoa kabla ya hili. "Na blanketi la fundi saa? Na lile la maharusi?"

Alivuta pumzi ndefu. "Viraka vichache tu. Ukienda sokoni nilikuwa nafumua, nabadilisha, nashona upya. Mama, ulikuwa umetia kijani katikati ya buluu. La maharusi ulisema mstari wote mwekundu, kumbe nusu yake ni hudhurungi. Nikaona watu watakucheka."

"Watanicheka mimi. Wewe inakuuma nini?"

"Wewe ni mama yangu!"

"Ndiyo maana ungeniambia! Mara ngapi nilikuuliza? Ukasema nzuri, imependeza. Ukafunika kombe, na mwanaharamu aliyepitishwa ni mimi."

Aibu ya kukosea naijua, nimekosea tangu ningali naona. Kilichonikata maini ni kwamba fundi saa alinishika mikono yote miwili akanisifu, nami nikatembea wiki nzima kifua mbele, kumbe navimbia kazi ya mtu mwingine. Kosa langu ni mali yangu. Ukiniibia hilo, umeniibia na nafasi ya kulirekebisha kwa mkono wangu, na nikishanyang'anywa mkono kuna nini tena kilichobaki cha kuitwa mimi?

"Na fundo baya kama hili," nikamwambia, nikitafuta pa kumchoma, "ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Vidole vyangu vilikuwa vifupi, ukasema nifunge hivyo kwanza, namna nyingine utanionyesha nikikua. Halafu ukaninyang'anya sindano. Ukasema nikasome, viraka havitanifikisha popote." Akakichomoa kidole chake. "Hiyo nyingine hukunionyesha, Mama. Najua hilo hilo moja."

 Nikachukua mkasi mdogo, nikaanza kufumua.

"Mama, unafanya nini? Ijumaa si mbali!"

"Najua Ijumaa iko wapi," nikasema. "Sihitaji kuiona."

Nilifumua yote kumi na moja.

Asubuhi ya Jumatano nilivitia vile vipande nilivyovifumua mfukoni pamoja na mabaki ya sare, nikashika fimbo yangu, nikaenda kwa Msema Kweli. Huyo ni muuza mitumba, na jina hilo alilipata kwa sababu kila sentensi yake huimalizia kwa "nasema kweli," hata anapokuuzia suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Marobota yake nayafahamu kwa harufu. Nimepekua humo miaka mingi, nikipindua magauni yaliyochoka kutafuta kipande kimoja cha pamba ambacho bado kina uhai.

"Mama Viraka! Leo nina pamba safi, pamba tupu, nasema kweli."

Nikaishika. "Inateleza kama maneno yako. Weka chini."

Akacheka. Nikamwaga vipande vyangu mbele yake. "Leo sikuja kununua maneno ya biashara. Nataka uniambie rangi ya kimoja kimoja. Na ukinidanganya nitajua."

"Utajuaje?"

"Jaribu."

Hakujaribu. Aliketi juu ya robota, akavishika kimoja kimoja. "Hii nyeupe, ila imepauka hadi inafanana na uji. Hii buluu iliyokata tamaa. Hii kijani cha maji ya dimbwi. Hii damu ya mzee, na mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Tangu ukungu uingie hakuna mtu aliyekuwa amenionyesha rangi namna ile, na ubaya wake wote. Nikatoa uzi na sindano, nikawa napiga alama kwenye kona ya kila kipande kadiri alivyotaja: fundo moja nyeupe, mawili buluu, matatu kijani, na damu ya mzee nikaiachia uzi unaoning'inia.

"Kwa nini kitambaa unanidanganya lakini rangi unaniambia kweli?" nikamuuliza.

"Rangi siiuzi, Mama." Kisha, kwa sauti ya ushauri: "Lakini si una binti? Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi sivunji chawa," nikamjibu. "Nashona."

Nikashona Jumatano hiyo, nikashona Alhamisi tangu kulipokucha. Sasa nilijua ninachoweka na ninapokiweka. Buluu niliikalisha ukingoni. Kijani kimoja nilikitia peke yake katikati ya weupe, kwa sababu nilitaka, na nikakipapasa mafundo yake matatu kabla ya kuyakata ili nisije nikajidanganya. Binti yangu alipita mara mbili mlangoni. Nilikiona kivuli chake kikisimama. Hakusema kitu kimependeza.

Ijumaa alasiri mlango uligongwa nikiwa nimemaliza viraka kumi. Cha kumi na moja, cha katikati kabisa, kilikuwa bado tundu, pamba ikichungulia.

"Nitamwambia umeumwa," binti yangu alininong'oneza. "Aje kesho."

"Nani kaumwa? Fungua mlango."

Mkunga aliingia na harufu yake ya sabuni. Nikalikunjua blanketi lote juu ya meza, na tundu lake. 

"Dada," nikasema, "sioni rangi. Yale mablanketi yangu mawili uliyoyasikia yakisifiwa, binti yangu aliyarekebisha kwa siri. Hili lako pia alilirekebisha. Nimevifumua viraka alivyovishona nikavirudia kwa mkono wangu, na bado sijamaliza. Kama hulitaki lenye mkono wa kipofu, sema. Sare zako nitakurudishia zilivyo."

"Mama!" binti yangu akaruka. "Shikamoo, shangazi, samahani, hakuwa akijisikia vizuri wiki hii, ndiyo maana..."

"Marahaba. Mficha uchi hazai, mwanangu," mkunga akamkata. "Hayo nimeyaona kazini."

Kisha akaliinamia blanketi. Nilisikia viganja vyake vikipita juu ya kitambaa, polepole, vikienda na kurudi. Vilipinduka mgongoni, vikapapasa huko pia. 

"Watoto wote niliowapokea," akasema hatimaye, "niliwajua kwanza kwa vidole. Humo walimo hamna taa, dada. Na hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kichwa kina rangi gani." Mkono wake ukasimama. "Ila hapa pana kijani kimekaa peke yake kwenye nyeupe."

"Najua. Nimekiweka mwenyewe."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Basi na kikae." Kiti kikalia alipokivuta. "Siondoki bila blanketi langu. Limalizeni hilo tundu. Chai ipo?"

Binti yangu alimletea chai. Nilitoa kipande cha mwisho, kile cha sare ya kwanza kabisa, chenye fundo moja kwenye kona, nikakata fundo, nikakikalisha juu ya tundu, nikakunja kingo zake na kuzibana kwa pini. Nikatunga uzi kwa ulimi. Sindano ikiwa tayari mkononi, nilikaa nayo kidogo. Nilifikiri juu ya vidole vya miaka tisa, na juu ya siku ile niliyovipokonya sindano nikijiona mama mwenye akili.

Nikanyoosha mkono kuelekea kivuli chake.

"Shona."

"Mama, mimi..."

"Nimesema shona. Mchana, mbele yangu, mbele ya mwenye blanketi."

Alikaa. Nikaupitisha mkono wangu wa kushoto chini ya kitambaa, kiganja juu, nikawa naifuata sindano kila inapotokeza. Hatua zake zilikuwa ndefu kuliko zangu, lakini zilikuwa sawa. Akazunguka upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alipoumaliza nilisikia uzi ukivutwa, ukazungushwa, ukakazwa. Kidole changu kikalikuta huko chini: punje ya dengu.

"Baya," nikamwambia. "Fumua."

Pumzi ilimtoka, nusu kicheko na nusu kitu kingine. Mkunga akajimiminia kikombe cha pili.

"Unarudisha sindano juu ya mshono wenyewe," nikasema, nikimshika kiganja, nikikipeleka. "Mara mbili. Kisha mkia unaingia ndani. Usiuvute, uache uende."

Alirudisha mara mbili, akapitisha mkia. Nikapapasa. Ulikuwa umebaki uvimbe mdogo sana, ambao mtu mwingine yeyote angesema ni mzuri, umependeza.

"Tena," nikasema.