Pombe Iliyolala

…na huyu Njogu wa duka la vyombo vya hoteli naye anaongea kama redio, mashine ya kujazia chupa mkono wa kulia, mpira mwembamba mkono wa kushoto, "Mathe, chukua hii ya chuma, unaingiza gesi kwa chupa kwanza, halafu bia inashuka polepole, povu hakuna," na Nzembi anaitikia eeh, eeh, macho yako kwenye chuma lakini roho iko Gataka, sebuleni kwa mzee Githongo, pale alipoonja, akaweka kikombe chini, akapangusa midomo na kusema mbele ya watu wote, "Pombe ya mjane imelala, haiumi hata ulimi"… imelala! mbele ya Mulwa mwanawe, mbele ya Jackie binti ya Githongo ambaye Mulwa anampenda kufa, mbele ya shemeji Masila aliyekuwa anatafuta tu pa kuingilia, na wazee wakakataa kufungua maneno ya mahari, ati mrudi Jumamosi ijayo na pombe inayonyweka, basi, siku ikaishia kwa chai na mkate… aka, safari hii hailali, hata kama ni yeye asiyelala, wallahi… hapana, mama wa kwaya haapi hivyo, lakini hailali. "Na huo mpira?" anauliza, Njogu asije akaona amepotea, na Njogu anauinua, "Huu unachomeka kwa bomba ya mtungi, unashukisha mpaka chini kabisa ya chupa, hiki kizibo kinabana mdomo, ukikibonyeza kidogo pumzi inatoka. Inataka mkono umetulia tu," mkono umetulia, wake umetulia, miaka yote hiyo shambani Isinya anapanga waridi bila kuvunja shingo ya hata moja, mkono si shida, shida ni… shida ni ile anayoogopa hata kuiwaza, Mkristo mzima, anayejua wafu hawana neno na vikombe vya walio hai, lakini mtungi wa bia ni wa Muteti, silinda ya gesi ni ya Muteti, marehemu mume wake, fundi wa friji, aliyeupata mtungi huo hoteli moja ilipofunga mwaka wa El Nino, akauleta nyumbani Kitengela akicheka, "Mama Mulwa, leo uki yako, hii pombe ya asali, itauma ulimi kama soda," na ikauma kweli, majirani wakaja na vikombe vyao… na sasa Muteti yuko udongoni, na pombe ya mahari ya kifungua mimba wake inalipuka povu jikoni kila akiijaza, nusu chupani nusu sakafuni, kilichobaki kinafika Gataka kimekufa, sasa mtu afikiri nini? afikiri Muteti amekataa, amemkataa huyu msichana, amemkataa na mama anayepeleka pombe bila mwanamume nyumbani… woi, Muteti, kama umekataa si uniambie kwa ndoto, kwani lazima uniaibishe kwa watu? na Masila ameshajitwalia kikao, "Shemeji, wachana na hayo mambo, tununue kreti kwa baa, mimi ndio nitaongea," debe tupu hilo, kreti ya baa ilibariki mtoto wa nani, akikubali kreti basi kikao ni cha Masila na yeye ni wa kuchuna viazi nyuma na wanawake, angebeba mtungi mzima yakaisha lakini polisi wa kizuizi cha barabarani wakiona silinda nyuma ya pikapu, hiyo ni kesi, chupa unafunika na sukuma wiki wanakusalimu tu, kwa hivyo ni chupa, na ni leo, achague… "Lakini mathe, na huu mpira lazima bia iwe baridi kama barafu. Yako iko baridi, si ndio?" Baridi? anataka kumcheka, nani anaweka uki kwa baridi, mama yake alifunika kibuyu na blanketi kando ya moto kama mtoto mchanga, pombe ikipigwa na baridi inakufa, ndivyo alivyolelewa, ndiyo maana mtungi ameukalisha karibu na jiko, ameuvalisha na koti la Muteti… koti… ngoja, lakini hiyo ni ya kuiva, hii imeshaiva, hii ina gesi… waridi kwenye chumba cha baridi kule Isinya linafunga mdomo siku nyingi, lipeleke juani, kufika saa sita limejiachia lote, na Muteti, Muteti mtungi wake alikuwa anaulaza wapi? ndani ya friji, Ngai! ndani ya ile friji anayowekea nguo sasa, na yeye miaka yote akidhani anauficha mchungaji asiuone… kumbe, mjinga wewe Nzembi, kumbe hakukataa, Muteti hakukataa mtoto, hakukukataa wewe, ni joto, joto tu na koti lake mwenyewe, na anataka kulia na kucheka hapo hapo kaunta ya watu, "Mathe, ya chuma ama mpira?" Njogu bado ameinua mikono yote miwili, mvumilivu, na Nzembi anautazama mpira, mkono wake tayari unaujua, ni huo, na leo nguo zitoke kwa friji, mtungi urudi ndani, Jumamosi Masila atakaa aongee akichoka, lakini kikombe cha Githongo nitakijaza mimi, anajiambia, mimi mwenyewe, mke wa Muteti…