Uwanja Ambao Haukufagiwa

1.

TANGAZO

Kwa wakazi wote wa Mtaa wa Mlimbo. Jumatano watakuja wataalamu kuchukua udongo mbele ya nyumba zenu, ili ijulikane kama kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kimetuachia sumu au hakikutuachia. Kila kaya ifagie. Tusiaibishwe mbele ya wageni. Atakayekaidi atanieleza ofisini.

Mkumbukwa, Mwenyekiti wa Mtaa

2.

Usimwonee huruma mtu yeyote hapa. Bado mapema.

Leokadia Mhagama aliteremka garini na begi lake la vifaa, akasalimia. Hakuna aliyeitikia. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele barazani walimtazama kuanzia buti mpaka kofia, kisha wakaendelea na mchele wao. Yeye naye hakuwapenda. Alikuwa ameichoka mitaa inayolia kila siku kwamba inauawa, halafu mtu akija kumtafuta muuaji inampa mgongo.

Jambo lenyewe halikuwa na mafumbo. Kiwanda kilisimamishwa baada ya watoto kuanza kuugua. Udongo ukionekana safi, tanuru linawashwa tena. Ukikutwa na madini ya risasi, yale yanayotoka kwenye betri, haliwashwi. Jibu lingetoka kwenye mifuko midogo ya plastiki iliyokuwa begini mwake, na mifuko bado ilikuwa mitupu.

3.

MAELEKEZO KWA MCHUKUA SAMPULI

Vaa glovu mpya kila unapohamia nyumba nyingine.

Chota udongo wa juu tu. Vumbi la tanuru hutua juu na hukaa juu.

Osha mwiko kwa maji ya maabara kabla ya kuchota tena.

Mwenye nyumba akikataa, andika IMEKATALIWA na uendelee mbele.

Usijadili matokeo na wakazi. Matokeo ni mali ya mteja.

Mteja: kiwanda.

4.

(Nyuma ya uzio wa makuti. Wanaosema hawaonekani.)

"Anautaka udongo wa nini?"

"Wa kupima, anasema."

"Hata mganga huanza hivyohivyo: 'Niletee udongo wa unyayo wake.'"

"Huyu lakini kavaa glovu."

"Ndiyo mbaya zaidi. Yeye mwenyewe anauogopa."

5.

Uwanja wa kwanza uling'aa. Hapakuwa na jani wala ganda la muhogo. Mistari ya ufagio ilijipanga vizuri kutoka mlangoni mpaka njiani, na juu yake palikuwa pamenyunyizwa mchanga mwekundu mbichi, wa machimboni. Uwanja wa pili ulikuwa hivyohivyo. Wa tatu walikuwa bado wanaumalizia, na mama mwenye nyumba alisogea pembeni na ufagio wake ili mgeni asikanyage taka.

Leokadia alichuchumaa, akausugua ule mchanga kwenye glovu, akanyanyuka. Alimuuliza Mkumbukwa, mwenyekiti aliyekuwa akimtembeza, nani aliwaambia watu wafagie. Mwenyekiti akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, tena aliwahimiza tangu juzi, na taka zote zimezolewa zikamwagwa korongoni. Alisimama akisubiri kupongezwa.

"Mzee wangu, umeniua," Leokadia alisema.

Akamweleza. Kile alichokuja kukitafuta ndicho walichokifagia. Mkumbukwa alifikiri kidogo, kisha akauliza kama si afadhali basi, maana sumu imeondoka. Leokadia alitamani kucheka. Korongoni nako hapakuwa na la maana: taka za mtaa mzima zilikuwa zimechanganyika humo na majivu na nepi, na mteja angezikana kwa neno moja. Na tanuru likiwashwa, vumbi lingeanguka upya juu ya mchanga huu mzuri mwekundu, na watoto wangeendelea kuchezea.

Alichota hivyohivyo. Ndiyo kazi aliyotumwa.

6.

Sisi.

Ndiyo, tulifagia. Mgeni hapokewi kwenye uchafu, tumelelewa hivyo. Lakini wewe unayesoma tutakwambia ukweli wote, kwa kuwa huna mwiko wala mfuko. Tulifagia ili asiondoke na nyayo zetu. Mtu akichota udongo ulioukanyaga amekuchota wewe, na huko anakokwenda nawe hukujui. Walikuja wengine kabla yake. Walichota, wakapiga picha, wakatuachia chupa tupu za maji. Jibu hatukuliona.

Hatukujua kwamba sumu hukaa juu. Nani alituambia?

Nyamaza tu. Hata wewe hukutuambia.

7.

ORODHA YA SAMPULI, MTAA WA MLIMBO

Nyumba ya fundi cherehani: imefagiwa, imemwagiwa mchanga.

Nyumba ya mwenyekiti: imefagiwa, imemwagiwa mchanga, imemwagiwa na maji.

Nyumba zinazopakana na ukuta wa kiwanda, zote: zimefagiwa.

Nyumba ya mwisho, jirani na bomba la moshi: haijafagiwa.

IMEKATALIWA.

8.

Nyumba hiyo ya mwisho ilikuwa ya Sikudhani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Habili. Habili alikuwa ameanza kusema, akaacha. Tumbo likamsokota, degedege likafuata, na mwezi huohuo wakamzika. Kwao nyumba ya msiba haifagiwi mpaka arobaini ipite, na arobaini ilikuwa bado. Majani yalikuwa yamejaa mlangoni. Vumbi la kijivu lilitanda uwanjani tangu siku za tanuru, na juu yake palikuwa na nyayo za waombolezaji. Upande wa kivulini palikuwa na mkeka mdogo ambao hakuna aliyekuwa ameuondoa.

Leokadia aliliona lile vumbi kabla hajamwona mwenye nyumba. Kusema kweli, alifurahi. Mwandikie hilo kosa ukitaka.

"Shikamoo, Mama Habili."

Jibu lilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Yalimpata magotini.

9.

ILANI (imebandikwa kwenye lango la kiwanda, gundi bado mbichi)

Mafundi wa tanuru wote mnatakiwa kuripoti Jumatatu. Njooni na buti zenu.

10.

Chande, dereva, ndiye aliyemwonyesha ilani hiyo. Udongo ulikuwa bado uko garini, kwenye kisanduku cha barafu, na kiwanda kimeshawaita watu kazini. Leokadia akampigia bosi wake. Bosi akasema udongo ni udongo, achukue uliopo, mtaa uliofagia umefagia wenyewe. Akaongeza kwamba mteja anataka barua ya matokeo kabla ya Jumatatu. Leokadia akasema sawa. Alipokata simu alitukana, na Chande akajifanya anatazama tairi.

Kisha akavua glovu, akarudi kwenye nyumba ya mwisho kwa miguu.

Peke yake.

11.

Mama Habili alikuwa ameketi kando ya mkeka, si juu yake. Hakumkaribisha. Leokadia alichuchumaa mbali kidogo, sketi bado imelowa, akamweleza yote bila kupunguza: majirani wamefagia ushahidi, uwanja wake ndio pekee uliobaki, tanuru linawashwa Jumatatu.

Mama Habili alisikiliza akiwa amekaza macho kwenye bomba la moshi. Alisema watu wa kiwanda walikuja na sanda na gunia la mchele, wakaomba kupiga naye picha. Alisema hata mchele hakuupika. Halafu akauliza, "Hilo jibu utampa nani?"

Hapa Leokadia angeweza kudanganya. Ulimi ulishajiandaa.

"Kiwanda," alisema. "Wao ndio wanaolipa. Wewe nimekatazwa kukwambia."

"Angalau hukunidanganya."

Mtoto wa jirani aliita mama yake, na wote wawili wakageuka.

"Sikukatalii kwa uchawi," Mama Habili alisema. "Wale wanaofagia nyayo zao, waache na yao. Mimi hapa ndipo nilipokuwa namlaza. Ndani palikuwa na joto, nikawa namtandikia hapa kivulini, kila mchana, nikiosha vyombo namwona. Alikuwa analamba vidole. Sasa wewe uchote, upime, halafu uje useme sumu ipo." Aligusa pindo la mkeka. "Ikiwepo, nani kamuua?"

Leokadia alimchukia bosi wake, akamchukia Mkumbukwa na mafagio yake, akajichukia na yeye kwa ile furaha ya asubuhi.

"Wao, mama," alisema baadaye. "Ni wao."

"Unasema wewe."

Mama Habili akauvuta mkeka taratibu, bila kuukunja. Akageuzia uso wake ukutani.

"Chota. Na jibu uniletee mimi kwanza. Ukiwapelekea wao kwanza, usikanyage tena hapa."

12.

Glovu mpya.

Mwiko ulioshwa.

Udongo wa juu tu, kina cha vidole viwili, visizidi. Ndani yake mlikuwa na unyayo mdogo nusu, wa kisigino, na mwiko ulipita katikati yake kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuchota.

13.

TAARIFA YA MAABARA. SIRI. KWA MTEJA PEKEE.

Nyumba zilizofagiwa: madini ya risasi yako chini ya kiwango.

Nyumba ya mwisho: yamevuka kiwango. Kipimo kimerudiwa. Yamevuka.

14.

Simu ya bosi, kwa ufupi: uwanja mmoja si mtaa. Uandike kama kasoro ya uchukuaji. Barua iwe mezani kwa mteja kesho asubuhi.

15.

Asubuhi Chande aliuliza kama wanaelekea kiwandani.

"Kata kushoto," Leokadia alisema.

Chande alimkumbusha kwamba ana watoto shuleni na kwamba kazi hazipatikani. Leokadia akasema anajua. Chande akakata kushoto, akiwa amenuna.

Mama Habili alikuwa mlangoni. Alimwona Leokadia akiteremka na bahasha, akaufunga upya mtandio wake, akasimama wima kama mtu aliyeitwa jina mahakamani.

"Sema."

"Ipo, mama. Ipo nyingi. Wanataka niandike kwamba nilikosea kuchota. Nikikataa, nitakuhitaji uje useme haya mbele ya watu, na mkeka uwe mkononi mwako."

Mama Habili hakulia. Alitazama kushoto, lilipo bomba la moshi. Akatazama kulia, kwenye korongo lililobeba vumbi la mtaa mzima. Akatazama nyuma, ndani, kwenye kile chumba kimoja chenye bati la moto. Akarudi kumtazama Leokadia, na hasira yote aliyokuwa nayo tangu mwanzo ilikuwa bado ipo, haijapungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa na swali.

"Basi ningemlaza wapi?"

Leokadia akamwekea bahasha mkononi, kiwanda bado hakijaiona.