Sahani ya Sita

Kumfundisha mtu wa Leskovac, mji wetu huu wa Serbia, kwamba ladha huanzia kichwani kabla ya kufika ulimini ni kutwanga maji kwenye kinu. Najua, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nafundisha masoko na tabia za wanunuzi katika chuo cha biashara hapa mjini, na kila mwaka huwapa wanafunzi mifano ya vitabuni: sabuni ileile katika karatasi mbili, kahawa ileile kwa bei mbili. Wanaandika, wanapiga miayo, wanafaulu mtihani, kisha wanarudi nyumbani kuapa kwamba ajvari, rojo letu la pilipili hoho zilizochomwa na kumenywa, hakuna duniani kama ya mama. Vuli ile nikasema basi, tutafundishana kwa ajvari hiyohiyo.

Sitajifanya kwamba nilifikiria somo tu. Katika darasa hilo walikuwamo Strahinja na Kalina, wachumba, na harusi yao ilikuwa imekwama kwa sababu mama zao hawasemezani. Kwenye tamasha la pilipili hoho, Zagorka, mama yake Strahinja, alitamka mbele ya umati kwamba ajvari ya Rosanda ina biringanya. Kwingine watu huzitia na maisha yanaendelea. Kwetu ni heri ungemwambia mwanamke kwamba ni mwizi. Rosanda, mama yake Kalina, akaapa hatakanyaga ukumbi wowote alimo Zagorka, na Zagorka akaapa vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Kalina hakutaka kuolewa bila mama yake. Sasa alikuwa ameanza kuulizia kazi huko Austria, tena kwa sauti ya mtu anayefunga mizigo, na Strahinja alikuwa amekonda.

Mpango wangu ulinifanya nicheke peke yangu jikoni. Kina mama wataonja bila kujua ipi ni ya nani. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini asipoiona ngoma atavutia wapi? Bila shaka kila mmoja angeisifu ya mwenzake, wangeaibika, wangecheka, na tungecheza harusini. Nikamwalika kila mmoja kivyake, nikimwambia kwamba darasa limekosa jaji anayeijua kazi.

Nikapanga sahani sita nyeupe. Ya Rosanda, ya Zagorka, tatu kutoka kwa mama wa wanafunzi wengine, na ya sita niliinunua dukani njiani, ile ya bei ya chini kabisa, ili somo likamilike. Nilikuwa na hakika kwamba wataitema.

Zagorka alipoingia na kumwona Rosanda ameshakaa, aligeuka atoke. Darasa zima likasimama na kumpigia makofi kama nilivyowaagiza, na hajazaliwa mwanamke wa Leskovac anayeyapa makofi mgongo. Akakaa upande wa pili wa meza, akajitengeneza nywele.

Wakaanza kuonja kwa mkate. Rosanda aliisukuma sahani yake mwenyewe akisema aliyeipika alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Zagorka alipofika kwenye yake akauliza, kwa huruma kabisa, kama mpishi ni msichana aliyeolewa juzi. Wanafunzi walikuwa wanauma mikono ya masweta. Mimi nilikuwa karibu kucheza pale ubaoni.

Ndipo wakafika kwenye sahani ya sita. Rosanda alifumba macho.

"Hii ndiyo yangu," akasema. "Mkono wangu naujua."

Zagorka, mkate ungali mdomoni, akaivuta sahani upande wake. "Yako wapi? Hiyo ni yangu. Huo utamu wa hoho zilizochomwa kwa kuni za mwaloni, wewe ungeutoa wapi?"

"Kuni gani, wewe unayechomea kwenye jiko la umeme?"

Wakasimama wote wawili, kila mmoja kashika ukingo wa sahani. Kalina akanitazama huku machozi yanamlenga, na Strahinja akauficha uso wake viganjani. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikainama, nikaitoa chupa ya dukani chini ya meza, na kuiweka katikati yao, bei ikiwa bado imebandikwa.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi, kwa hofu, nikaanza kufundisha. Nikasema kwamba mlaji huonja matarajio yake, kwamba kina mama wametusaidia sana kuona jinsi fahari ya mtu inavyoweza kumdanganya ulimi, na kwamba wasijisikie vibaya, utafiti unaonyesha hata wataalamu hukosea. Niliendelea. Nadhani nilichora na mchoro.

Zagorka aliiachia sahani polepole, akamgeukia Rosanda.

"Mkwe, unamsikia huyu?"

"Namsikia," Rosanda akajibu. "Katuita hapa atufanye vichekesho mbele ya watoto wetu."

"Na yeye hata hoho hajui kuimenya. Nilimwona sokoni akinunua zilizomenywa."

"Nilimwona pia. Nikamsitiri, sikumwambia mtu."

Ilikuwa kweli, na darasa zima sasa lilijua. Zagorka akachukua mikoba yote miwili, wake na wa Rosanda, akatangaza kwamba gunia la hoho liko uani kwake na moto utawashwa leo hii, na kwamba mimi nitakuja kuonja nikiwa nimefumbua macho. Rosanda akasema atakuja na sufuria lake kubwa, maana ya Zagorka yanaunguza. Zagorka akakubali kwamba yanaunguza.

Strahinja akamshika Kalina kiwiko. "Umesikia? Kamwita mkwe."

Kalina alikuwa ameshakimbia kwenda kuwafungulia mlango.