Chumba cha Fortunata

"Mama, hapa lazima chumba kimoja kiondoke," alisema fundi Abdulrazak, macho hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta.

Brigita aliacha kujipepea. "Kiondoke kiende wapi?"

Kompyuta ya zamani ya duka lake la kuchapa na kutoa kopi, pale Tingi, ilikuwa imeungua, ikapona diski tu. Fundi alikuwa ameipachika diski ile kwenye mashine mpya, na mashine mpya ikagoma kuamka nayo.

"Ile ya zamani haikuwa na makuu," Abdulrazak alieleza. "Inachungulia mwanzo wa diski, inaamka. Hii mpya inataka itengewe kichumba chake cha kuamkia. Na diski iliyogawanywa kizamani, mwisho vyumba vinne. Vyako vimeshatimia. Labda tufute yote tuanze upya."

Afute yote! Humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mumewe, Laurenti, akiifundisha kwaya. Ndiye aliyeigawa diski hiyo, akijichekea kama mtu aliyeezeka nyumba: chumba cha mashine, cha Laurenti, cha Brigita, cha Fortunata.

"Hiki cha Fortunata hakina kitu," fundi akasema. "Tukitoe hiki, yaishe."

"Kisiguswe."

"Kitupu, mama."

"Ni cha mwanangu."

"Yuko Dar?"

"Hakukaa."

Tumbo lilikuwa halijaonekana vizuri Laurenti alipomwandalia mtoto chumba, hata nepi hawajanunua. Picha zake tutaweka humu, alisema. Akaanza kumwita mkewe Mama Fortunata, na mtaa mzima ukafuata. Kisha wakarudi kutoka hospitali mikono mitupu, na watu, kwa huruma zao, wakarudi kumwita Brigita. Huruma nyingine bwana, afadhali mtu akutukane. Laurenti naye alipokwenda zake, hakubaki hata mmoja wa kulitaja jina lile.

Abdulrazak, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliondoa tu mkono kwenye kibodi.

"Toa changu," Brigita akasema. "Vitu vyangu vihamishie humo kwa mtoto."

Vikahama: picha za kwao Kitomanga, mishono ya vitenge, barua alizozianza akashindwa kuzimaliza. Chumba cha Brigita kikafutwa, mahali pake pakawa kichumba cha kuamkia. Mashine ikaamka upesi mno. Ile ya zamani ilikuwa ikimpa nafasi ya kufagia kibaraza kwanza.

"Sasa humu umo wewe. Niandike jina lako?"

"Liache hilohilo."

Fundi alikusanya bisibisi zake, akatoka, akapanda pikipiki. Kabla ya kuiwasha aligeuka.

"Haya, kazi njema, Mama Fortunata."

Brigita alisimama na mkono kinywani. Pikipiki ilikuwa imeshakata kona, vumbi limeanza kutulia, ndipo alipoitika.

"Abee."